Njia Ipite kwa Chediel

Kiomboi,
Jumapili, 13 Oktoba 2024

Mdogo wangu Chediel,

Pokea salamu, wewe na wifi Redempta. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto halinifichi kwamba nina miaka sitini na mitatu. Aneth wangu bado anafundisha Singida, anakaa kulekule Utemini, na wiki iliyopita amejifungua mtoto wa tatu, wa kiume, kilo tatu na nusu. Anafanana na marehemu baba mpaka anavyokunja uso. Alizeti tumeshakamua, na madumu mawili ya mafuta yako yapo chini ya kitanda changu yanakusubiri.

Najua umeshangaa kupata barua. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu wewe hunisikilizi na mimi sikusikilizi. Jumapili iliyopita tulipigiana kelele mpaka Redempta akakunyang'anya simu akaniambia, "Wifi, ulale salama," na ilikuwa saa tisa mchana. Barua haikatizwi. Isome mpaka mwisho, halafu ndiyo ukasirike. Ataileta Innocent, kondakta wa basi la huko, niliyemfundisha darasa la tatu. Atakuachia stesheni ya reli, ofisini kwenu.

Jambo lenyewe ni lile lile. Mji umekua, Chediel. Zile njia tulizopita utotoni kwenda hospitali na sokoni zimezibwa na kuta na michongoma, maana kila mtu ana kiwanja chake na hati yake. Watu wa huku juu, wazee, wajawazito, watoto wa shule, wote wanatembea pembeni ya lami wakipeana nafasi na malori na bodaboda. Basi tumejikusanya watu wa kujitolea. Tulianza kumi na wawili, leo tupo arobaini. Kila Jumamosi asubuhi tunatengeneza njia ya miguu kutoka shuleni mpaka hospitali, na pande zote mbili tutapanda miti. Miche anatupa Bwana Gerald wa Misigiri, ana kitalu kizuri sana, miarobaini na migrivilea.

Kila mwenye kiwanja ametoa kipande. Umebaki wewe. Njia ya juu, yenye ardhi ngumu, lazima ikate kona ya kiwanja alichokuachia baba, hatua ishirini tu. Nipe neno lako. Na uniambie likizo yako ni lini, maana miaka sita sasa hujakanyaga hapa.

Dada yako,
Elina


Itigi,
Jumamosi, 2 Novemba 2024

Dada Elina,

Shikamoo. Barua nimeipata, imechelewa kidogo kunifikia. Hongera kwa mjukuu, na Aneth apewe pole na hongera zake. Huku tuko salama. Redempta ameongeza mizinga, asali ya mwaka huu ni nyeusi na nzito, ya maua ya vichakani. Joto ni kali, mvua bado inatutisha tu kwa mawingu.

Nimesoma mpaka mwisho kama ulivyoagiza. Kazi mnayofanya ni nzuri. Lakini kona yangu isiguswe. Naomba tusibishane, nimesema isiguswe.

Likizo haipo kwa sasa. Kazi ni nyingi.

Mtapita wapi badala yake? Kama mnafikiria kushuka kule bondeni, kandokando ya korongo, msithubutu. Maji ya mlima wote yanakuja pale.

Ni mimi mdogo wako,
Chediel


Kiomboi,
Jumapili, 24 Novemba 2024

Mdogo wangu,

Salamu kwenu. Huku tuko wazima. Mtoto wa Aneth ameitwa Ezekieli, jina la baba, nami nililia kanisani kama mtu aliyefiwa, mpaka mchungaji akasimama akaningoja.

Mistari miwili kuhusu kona, na hakuna hata mmoja unaosema kwa nini. Mwanafunzi angeniletea hivyo ningemrudishia daftari.

Tumepita bondeni. Ungetaka twende wapi, angani? Na jana tumeifungua njia! Chediel, laiti ungekuwepo. Tulikuwa watu sabini na kitu, wenye majembe, sururu na makoleo. Kuna baba mmoja alikuja na koti la harusi yake kwa sababu alisikia neno "ufunguzi", na koti hilohilo ndilo alilobebea changarawe ya moramu. Akina mama waliimba tangu saa moja. Imamu alikuja na vijana wake, kwaya yetu ikaja na uji, na Bwana Gerald akasimama kwenye toroli kutufundisha kupanda mche bila kuvunja mizizi. Toroli likamgeuka. Alianguka na mche wake mkononi, lakini hakuuachia, akaunyanyua juu akasema, "Huu uko salama!" Tulicheka mpaka nikakaa chini.

Tumepanda miche mia mbili na arobaini. Kila mche una mwenyewe wa kuumwagilia na kuuzungushia miiba, maana mbuzi wa jirani yetu Felista wameshaanza kupiga chabo. Bwana Gerald anasema mbuzi akila mche wa kwanza, hatasahau njia. Amenipa mimi ule mwarobaini wa mbele ya lango langu, eti mkubwa kuliko wote. Jioni alipita kuuangalia.

Sijakusamehe kuhusu kona. Lakini jana nilikuwa na furaha kiasi kwamba nilikusahau kwa saa tatu nzima.

Elina


Kiomboi,
Jumapili, 15 Desemba 2024

Chediel,

Barua yangu ya Novemba haijajibiwa, na sasa najua kwa nini. Naandika tena.

Mvua ilianza Jumanne mchana na haikukatika mpaka Alhamisi. Njia imekwenda. Kule bondeni hakuna hata alama kwamba watu walichimba pale, ni mfereji tu mwekundu, na miche yote ya upande wa korongo imesombwa. Tumehesabu iliyobaki, ni mia na tatu. Ijumaa Felista, mwenye mimba ya miezi minane, alijaribu kupita akienda kliniki, akateleza na kukaa kwenye matope. Namshukuru Mungu, wamempima, yeye na mtoto hawana neno. Lakini sasa anapita tena kwenye lami.

Jana Jumamosi walikuja watu tisa. Hakuna anayekutaja mbele yangu. Wananiamkia kwa heshima, halafu wanaangalia kona yako na kuangalia chini. Nilikuwa mwalimu miaka thelathini na sita, najua darasa linapozungumza bila kufungua mdomo.

Na kitu kingine. Innocent amerudi na ile barua ya Novemba. Alikuwa anampa mlinzi wa stesheni kama kawaida, ila safari hii mlinzi aliikataa na kumwambia jambo. Innocent ameniambia jambo hilo. Mimi sitaliandika. Nimemwambia azichukue barua zote mbili na akupe mkononi mwako, sokoni, huko anakosikia unapatikana.

Nangoja uliandike wewe mwenyewe.

Dada yako bado,
Elina


Itigi,
Jumamosi, 28 Desemba 2024

Dada Elina,

Shikamoo, dada. Krismasi njema iliyopita.

Innocent alinikuta nimekaa nyuma ya ndoo za asali. Alinisalimia kwa adabu na mimi nikajifanya natafuta kifuniko cha ndoo.

Nimestaafu. Tangu Juni. Walinipa cheti na saa ya ukutani, nikarudisha nyumba ya reli, na sasa mimi na Redempta tuna chumba kimoja cha kupanga nyuma ya soko. Hatuna njaa, usiogope. Kazi yangu ndiyo hiyo uliyoambiwa, nauza asali ya mke wangu.

Sikuwaambia kwa sababu ya lile nililosema nikiondoka mwaka 1987. Nadhani unakumbuka. Mbele ya baba na wajomba wote nilisema nitarudi na kujenga nyumba ya vyumba vinne itakayoonekana kutoka barabarani. Miaka thelathini na saba nimelala kwenye kambi za reli, nimebadilisha mataruma yanayolaliwa na vyuma vya reli, nimepiga kokoto. Nimesomesha watoto. Nyumba sikujenga. Lakini kila nilipochoka niliiweka kichwani, na siku zote niliiweka kwenye kona ile, maana ndipo upepo unapofika na mji wote unaonekana. Ulipoandika mnataka kuikata, niliona kama mnapitisha watu sebuleni kwangu. Nyumba ambayo haipo, dada. Nimemfanya mjamzito akae kwenye matope kwa sababu ya sebule ambayo haipo.

Redempta alisoma barua zako zote mbili, akazikunja, akaniambia, "Baba, hata ukijenga, utamwambia nani karibu, kama hakuna njia ya kufika kwako?" Halafu akaenda kwenye mizinga yake, akaniacha na hilo.

Kateni kona. Yote mnayohitaji.

Ila msirudie kosa. Nimesoma mlivyofanya na nimeumia kiufundi. Mlichimba njia kama sahani, katikati chini, pembeni juu. Hapo mnayaalika maji yaje kutembea. Njia iinuliwe katikati kama mgongo wa ng'ombe, iinamie pembeni kidogo tu, na kila hatua thelathini mlaze mawe ya kuyakata maji kwa mshazari yaingie kwenye mtaro. Panapokuja mkondo mkubwa wekeni kalavati la kupitisha maji chini ya njia, hata la mawe makavu. Maji yapewe njia yake kwanza, ndipo watu wapate yao. Vipimo chukueni kwa mpira mrefu mweupe wa bomba uliojazwa maji, watu wawili, mmoja huku na mmoja kule; maji ya ncha zote mbili hukaa usawa mmoja, basi wasibishane, waamini maji.

Na wewe, mwalimu. Katika barua mbili umemtaja huyo Bwana Gerald mara tatu, na amepita jioni kuangalia mwarobaini. Mwarobaini hauangaliwi jioni. Ni nani huyu mtu?

Mdogo wako,
Chediel


Kiomboi,
Jumatano, 8 Januari 2025

Chediel,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni, nikaisoma tena nimekaa. Baba alipokusikia ukisema maneno yale mwaka 1987, ulipotoka nje unajua alisema nini? Alisema, "Huyu mtoto arudi tu akiwa na miguu miwili." Hakuna aliyekuwa anangoja nyumba. Ungeniuliza.

Sehemu ya mgongo wa ng'ombe nimewasomea watu Jumamosi. Wamerudi thelathini na tano. Tumekata kona. Halafu tumeshika mpira wako tangu asubuhi mpaka saa nane na hatukuelewa chochote. Mzee Sostenes anasema maji yamepanda, mwenzake anasema yameshuka, nusu yake tumemwagiana miguuni. Wote wanauliza swali moja: huyo fundi wa reli yuko wapi?

Basi, fundi wa reli, njoo. Hatuhitaji uje na bati wala tofali. Tunakuhitaji na macho yako. Vyumba vyangu viwili havina mtu. Njoo na wifi.

Kuhusu Bwana Gerald, ni mtu wa miche. Mke wake alifariki miaka minane iliyopita. Anatoka Misigiri. Ni mtu wa miche.

Elina

Felista amejifungua msichana juzi. Wote wazima.


Itigi,
Jumapili, 16 Februari 2025

Dada yangu,

Shikamoo. Tumefika salama jana, ingawa Redempta ametapika kuanzia Manyoni na anailaumu samli yako. Mwenye chumba tumemwambia tunaondoka mwishoni mwa Machi.

Nimekaa Itigi siku moja tu na nimeshaboreka. Wiki nne nilizokaa kwenu sijawahi kuchoka vile, wala kulala vizuri vile. Miaka thelathini na saba kwenye vikosi vya reli nilikuwa "wewe wa gengi namba nne." Huko watu wananiita Fundi, wananishika mkono kuniuliza jiwe hili likae wapi, kichwa juu au ubavu. Lile kalavati la tatu, uliloliona la kawaida, ni kazi nzuri kuliko zote nilizofanya maishani, na reli haipiti juu yake. Anapita Felista na mtoto mgongoni.

Na ile mvua ya tarehe nane! Mliniacha nimesimama peke yangu kwenye kona nimelowa, mnadhani nimepata wazimu. Nilikuwa nayaangalia maji. Yalikuja mekundu, yana haraka, yakafika kwenye mawe ya kwanza, yakasita, yakageuka yakaingia mtaroni kama yalivyoagizwa. Ya pili, hivyohivyo. Ya tatu pia. Hapo ndipo niliposikia vigelegele vyako kutoka barazani. Nilikuwa nalia, dada, usimwambie mtu, na mvua ilinisaidia.

Sasa nikuambie ambalo hukulisikia. Siku tatu kabla ya hiyo mvua, mimi na Gerald tulikuwa tunachukua vipimo vya mwisho kwenye mteremko wa hospitali. Mimi nimeshika mpira juu, yeye chini, mita ishirini kati yetu. Akapaza sauti:

"Fundi, nina jambo la kifamilia!"

Nikamwambia, "Sema, ila usitikise mpira!"

"Nataka kumwoa dada yako!"

Akina mama waliokuwa wanachota moramu wakaacha makoleo. Nikamuuliza, "Yeye anasemaje?"

"Ameniambia kwanza niongee na wewe, kwa sababu wewe ndiye baba yake sasa, halafu akaniambia nisiongee na wewe, kwa sababu utamcheka!"

Nikamwambia ashikilie mpira vizuri, maji yatulie. Yalipotulia nikasoma alama, nikaandika, halafu nikamwambia, "Lete barua ya posa Itigi kwa miguu yako mwenyewe, siyo kwa Innocent." Alhamisi iliyopita, kabla hatujafunga mizigo kwako, nilidhani amesahau. Leo asubuhi, natoka kanisani, namkuta amekaa mlangoni kwetu na suti, barua mkononi na miche miwili kwenye mfuko wa nailoni. Alikuwa amepanda basi la pili nyuma yetu. Redempta amempikia na amemsifu kwa kula.

Nimekubali, dada. Nimecheka pia, kama ulivyohofu. Lakini nimecheka kwa furaha. Sasa uniandikie mwenyewe, kwa mkono wako wa kimwalimu, kwamba huyu siyo mtu wa miche.

Kiwanja changu bado kinatosha. Vigingi vya nyumba tulivyopigilia upande wa juu wa njia nitavikuta hapo, vyumba viwili, siyo vinne. Tukihamia nitaanza kuchimba msingi taratibu, mgongo ukiruhusu. Labda baada ya miaka miwili tutakuwa na paa.

Chediel


Kiomboi,
Jumapili, 9 Machi 2025

Chediel, mdogo wangu, na wifi yangu,

Salamu nyingi. Goti ni lile lile. Ezekieli mdogo ameota jino. Miche iliyopandwa upya imeshika yote isipokuwa saba, na saba hiyo kila mtu anamjua mbuzi aliyehusika.

Gerald siyo mtu wa miche. Nimeandika. Leo tumetangazwa kanisani mara ya kwanza, na mchungaji aliposoma jina langu watoto niliowafundisha, ambao sasa wana vipara, walipiga makofi mpaka akawaambia wakae. Siku ni Jumamosi baada ya Pasaka. Nitatembea kwenda kanisani kwa miguu, kwa njia yetu, na wewe utanishika mkono. Usije na viatu vya kubana.

Sasa nisikilize. Jana Jumamosi tulikusanyika kama kawaida, watu sitini na mbili. Mzee Sostenes akauliza leo tunaanzia wapi. Nikasema njia imekamilika mpaka hospitali, labda tung'oe magugu. Wakaangaliana. Kumbe walishapanga wao kwa wao bila kunishirikisha mimi mwenyekiti. Felista akambeba mwanae vizuri mgongoni, akachukua jembe, akapanda kwenye kiwanja chako, akasimama kwenye kigingi cha kwanza na kupiga la kwanza. Wengine wakamfuata. Nilisimama njiani sijui niwazuie au niwaimbie. Basi nikaimba.

Kufikia saa saba msingi wa vyumba viwili ulikuwa umechimbwa, umenyooka, umefika kwenye ardhi ngumu. Walipopumzika kula, mtu mmoja akasema mawe ya kule mlimani hayana mwenyewe. Saa kumi jioni kulikuwa na rundo la mawe refu kuliko mimi. Kisha imamu akasema vyumba viwili havitoshi wageni watakaokuwa wanapita hapo njiani. Wakapima na kuchimba cha tatu. Nimewakataza cha nne.

Vipimo tumechukua kwa mpira. Safari hii hatukubishana, tuliamini maji.

Tumekwama jambo moja tu. Mlango. Nusu ya watu wanasema utazame mjini, kama ulivyotaka siku zote. Nusu wanasema utazame njiani, ili kila anayepita aseme hodi. Wamegombana mpaka giza lilipoingia, na Jumamosi ijayo watakuja wakiwa bado hawajakubaliana. Gerald ameshika kamba, anawaambia wasubiri mwenye nyumba.

Wasije wakasubiri mpaka mwisho wa Machi. Basi la Alhamisi lina nafasi, nimeshamuuliza Innocent.

Dada yenu,
Elina